Kopo la Tatu

Mkaza mwana alichomoa nywele ndefu kwenye kitana cha mama mkwe kilichosahauliwa bafuni, akazifunga katika kijikaratasi, akatokea mlango wa nyuma. Hakujua kwamba baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ukumbini akimtazama.

Mzee hakuwa mtu wa ushirikina. Hata hivyo, alipomwona akizifukia katika kopo la udongo, kando ya makopo mengine mawili, aliingiwa na shaka. Kwa wiki kadhaa alimchunguza. Kila mara binti yule aliyafunua makopo, akatikisa kichwa, akayafunika tena.

Hatimaye uzalendo ulimshinda, akamweleza mkewe.

"Nywele zangu!" mkewe alimaka. "Sikukwambia, baba watoto? Huyu si mke, ni nyoka. Leo arudi kwao!"

Mzee alikuwa na haki ya kuumia. Nywele zile, nene na nyeusi tititi hata baada ya wajukuu, zilikuwa fahari yake mbele ya wazee wenzake. Mkewe alizitunza peke yake, mlango ameufunga, wala msusi hakuzigusa.

Mkaza mwana akaitwa sebuleni.

"Unamloga mama yako?"

"Hasha, baba! Ni kazi yangu ya maabara. Iko kuvu ya udongoni inayokula nywele za binadamu. Ndiyo ninayoitafuta."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alidakia. "Na anakiri bila haya!"

"Lete makopo," mzee aliamuru.

La kwanza lilikuwa na nywele za binti mwenyewe. Ukungu mweupe ulikuwa umezitafuna hadi zikawa kama vumbi. La pili lilikuwa na za mumewe; nazo vivyo hivyo. Mzee alishusha pumzi. Kumbe ni elimu.

Akalifunua la tatu. Nywele za mkewe zilimeremeta, hazikupungua hata unywele mmoja.

Shaka ikamrudia. "Zote ulizifukia siku moja?"

"Siku moja, baba."

"Basi hizi umezifanyia nini?"

Mkaza mwana aliinamisha macho. "Baba, kopo hilo tuliache."

"Sema, au ufungashe!"

"Kuvu hii hula nywele za watu, baba. Nailoni huiacha ilivyo."

"Baba watoto," mkewe aliingilia upesi, "hebu mwache mwanangu akapumzike. Tangu asubuhi yuko kazini, maskini."