Mama Mkwe Kanunua Hisa

Jamani, hii hamtaiamini, lakini ilitokea, tena mchana kweupe!

Kuna jamaa alikuwa kakaa mahakamani, jasho linamtiririka, simu kaificha chini ya meza. Watu wengine wote walinyang'anywa simu mlangoni. Yeye mlinzi hakuthubutu hata kumpapasa.

Simu ikatetemeka. Mama mkwe.

"Baba, vipi huko?"

Huyu mama aliuza nyumba yake, akajibanza kwa dadake, hela yote akanunua hisa za ile kampuni kubwa ya programu za simu. Hata hajakaa vizuri, serikali ikaishtaki kampuni: eti imehodhi soko, imewakaba wadogo hawapumui, sasa ivunjwe vipande! Hisa zikaanza kushuka kama suruali isiyo na mkanda.

Na zikifika chini, mama anahamia kwa nani? Mke wa jamaa alishapima chumba cha kusomea. Kitanda kinaenea.

Wakili wa serikali akamwaga ushahidi: barua pepe za mabosi wanachekelea walivyomnyonga mshindani. Kampuni ina hatia, hata kipofu angeona.

Akachungulia simu. Bei imeshuka tena.

"Uza, mama," akaandika kwa kidole kimoja.

"Siuzi ng'o! Si upo huko?"

"Mama, mimi sina la kufanya."

"Huna? Binti yangu nilikupa ukiwa na viatu vya kuazima! Nikasema mwacheni, ipo siku atatufaa. Siku ndiyo hii, baba."

Kabla hajajibu, ujumbe wa mkewe ukaingia: "Mume wangu, mama anauliza kuku wake watalala jikoni au sebuleni?"

Kuku! Jamaa nusura aangue kilio mbele za watu.

Wakili wa kampuni naye akajitetea, akababaika, akaishiwa, akakaa. Ukumbi ukanyamaza, ungesikia mbu akipiga chafya. Macho yote yakamgeukia jamaa.

Wakili wa serikali akainama. "Mheshimiwa Jaji, tunasubiri hukumu yako."

Haya, wewe ndiye umevaa lile joho. Ungesemaje?