Kitufe cha Kwanza

"Kitufe," ilisema sauti ya kompyuta, inayomsomea maandishi ya kwenye kioo. Bi Mwatumu, karani asiyeona, akabonyeza.

Tumsifu, aliyebuni ukurasa ule wa kumbukumbu za wagonjwa, alisimama nyuma yake akingoja sifa. Jana alikuwa ameondoa maneno kwenye vitufe na kuweka picha: kapu la taka kwanza, kisha alama ya vema. Hata lile swali la "Una hakika?" lililofuata kila kitufe alilitoa, ili kazi iende upesi.

"Kitufe," sauti ikasema tena. "Kitufe."

Tabasamu likamkauka. "Mama, unajuaje cha kuhifadhi ni kipi?"

"Si cha kwanza, mwanangu? Siku zote ni cha kwanza. Na leo hakinisumbui kwa maswali!"

Kwenye kioo jina jingine likatoweka.

Muuguzi akachungulia mlangoni, sindano mkononi. "Bi Mwatumu, yule mtoto anayedhurika na penisilini ni yupi? Kwenye kompyuta yetu simwoni."

"Yumo. Nimemhifadhi mwenyewe asubuhi," akajibu kwa fahari.

Tumsifu akaitazama ile sindano. Kidole cha Bi Mwatumu kikarudi mahali pake.

"Kitufe," ikasema kompyuta.