Ladha ya Namba Kumi na Nne

Namba kumi na nne ilikuwa na ladha ya sabuni, lakini aliimeza.

Akakifuta kijiko kwenye koti lake jeupe la maabara, akafunika kopo, akatazama mlango. Mimba ilikuwa na miezi saba, na kwa hesabu zake mlaji alikuwa mtoto. Yeye alikuwa msindikizaji tu.

Kazi yake ilikuwa kuanika udongo wa wakulima, kuutwanga, kuuchekecha na kuutia kwenye vikopo vyenye namba. Kuonja hakukuandikwa popote. Hata hivyo, tangu aajiriwe kwa majaribio alikuwa amekwisha kula robo ya wilaya. Namba tisa ilikuwa chachu kama chungwa bichi. Namba kumi na moja ilikuwa tamu, ya kurudia. Aliirudia.

Ijumaa majaribio yangekwisha. Ama angesaini mkataba wenye likizo ya uzazi, ama angerudi kufua nguo za watu, kazi iliyomlipia miaka minne ya masomo ya jioni huku mwanawe wa kwanza akililalia daftari la kemia na kulijaza mate.

"Udongo hauna huruma, mama," muuguzi wa kliniki alimwonya. "Ukifika tumboni unakamata chuma ambacho damu yako inakihitaji, unaondoka nacho. Acha."

Akaacha. Aliacha njia nzima, mpaka alipofika kazini.

Mkuu wa maabara walimwita Mzee Nukta, maana hakuwahi kutoa jibu lisilo na nukta. Chini ya saba udongo ni chachu, juu ya saba ni magadi. Yeye alikwambia sita nukta tatu, na ukienda shambani unakuta ni kweli. Mashine yake ilikaa chumba cha nyuma. Aliingia peke yake na vikopo, akatia komeo, na walio nje walisikia maji tu yakimwagika.

"Mashine yangu haipendi macho ya watu," alisema, na kwa kuwa hakuwahi kukosea, hakuna aliyembishia.

Jumanne asubuhi fundi wetu mwenye mimba aliipima tena namba kumi na nne kwenye mizani, apate kujua aibu yake ina uzito gani. Vilikuwa vimepungua vijiko vitatu. Akapima mara ya pili. Vitatu. Naye alikula kimoja, kuhesabu alikusomea.

Akamfuata dada wa usafi kwenye korido. "Shoga, niambie kweli. Unakula udongo?"

"Mimba yenyewe ningeipata kwa nani?" Dada akaegemea fagio. "Niache na yangu. Mzee nimemtilia sukari vijiko vinne kwenye chai, ananiuliza kwa nini nimemletea maji ya moto."

Jumatano transfoma ya mtaa iliungua, umeme ukakatika. Alhamisi ulikuwa bado haujarudi, na majibu ya namba kumi na nne yakatoka vilevile, na nukta yake. Mwenye shamba alikuwa mama mwenye sauti ya mnadani, ameshika jani la mahindi lenye michirizi myeupe.

"Dukani wameniambia shamba limekosa zinki. Ninunue mifuko mingapi?"

"Hata mmoja usinunue," Mzee Nukta alisema. "Zinki unayo tele. Ila umemwaga majivu miaka na miaka, shamba limegeuka magadi. Udongo wa magadi ukiikamata zinki hauiachii, mahindi yanabaki kuitazama. Acha majivu, tia samadi, uwe na subira."

Mama alifikiri kidogo. "Kumbe ni kama mume wangu. Yupo, ila hapatikani."

Hata mtoto tumboni alipiga teke. Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akagundua kwamba mzee hacheki. Alikuwa anamtazama midomo.

"Kesho asubuhi uje chumba cha nyuma," alimwambia. "Usinywe chai kwanza."

Ijumaa alikwenda na utetezi alioukariri tangu kitandani: ni mimba, mzee, si tabia. Mzee akafungua komeo. "Ingia. Kaa."

Mashine ilikuwepo mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Waya wake ulikuwa umekatika zamani, na buibui alikuwa amehamia na familia yake. Kando yake palikuwa na jagi la maji, na chini, beseni.

"Nimepata habari kwamba kuna mtu anakula sampuli zangu," mzee alisema.

"Mimi sili udongo, mzee."

"Futa kidevu."

Akafuta. Machozi yalikuwa karibu, na likizo ya uzazi ilikuwa mbali.

Mzee alitoa kopo lisilo na namba, akachota kijiko, akamsogezea.

"Mwaka huu wote sukari siisikii. Juzijuzi namba kumi na nne nimeionja mara mbili ndipo nikaisikia. Haya, hii ni ngapi?"

Alimtazama mzee, akatazama kijiko. Akaonja, akafumba macho. "Chachu," alisema polepole. "Lakini haiumi meno. Tano. Tano nukta nne."

Mzee akalipindua kopo. Chini yake, kwa wino uliofifia, paliandikwa: 5.4.

Akavuta mkataba kutoka droo, akausaini pale pale, akamkabidhi kalamu.

"Una kosa moja tu, mwanangu," alisema, akimsogezea beseni kwa mguu. "Unameza."