Ukurasa wa Ndani

"Ufute," mama mwenye gesti alimwambia fundi wa tovuti. "Mgeni akitafuta pa kulala Mikumi, anakutana na sura ya marehemu kabla ya vyumba vyangu."

Marehemu alikuwa mwanawe, Filipo. Tangazo la kupotea kwake lilikuwa bado kwenye tovuti ya gesti, ukurasa wa ndani kabisa. Matanga yalishaanuliwa. Mwili haukupatikana, ndugu wakataka mgomba uzikwe badala yake, mumewe akakataa bila kutoa sababu.

"Google haipangi tovuti nzima kwenye matokeo, mama. Inapanga ukurasa mmoja mmoja. Ule wa mbele wenye picha za tembo hautafutwi. Huu unatafutwa."

"Na nani?"

Fundi alifungua sehemu inayoonyesha maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. Mama akainama. Kidole chake chenye unga wa vitumbua kiligusa kioo cha kompyuta, kikaacha alama nyeupe chini ya mstari mmoja.

*Filipo gesti Mikumi baba bado ana hasira*

Tangazo halikutaja hasira yoyote. Ugomvi wa Filipo na baba yake, usiku kabla hajapotea, ulitokea jikoni, mlango umefungwa, na ndani walikuwa baba, mama na mtoto tu.

"Haya yameandikwa lini?"

"Jana, mama. Na juzi pia."

Kishale kilikuwa bado juu ya neno Futa. Uani, mumewe alikuwa akifagia huku akikohoa.

"Niufute?"

Mama aliusukuma mkono wa fundi mbali na kipanya.

"Andika pale juu kabisa," alisema. "Andika, Filipo, baba yako alikataa kuzika mgomba."