Kovu la Mulenga

Daktari alimwekea Mulenga kiganjani mfuko mdogo wa silikoni, laini na mzito. Miezi minane ilikuwa imepita tangu saratani imnyang'anye titi la kushoto.

"Hii tunaingiza chini ya ngozi," daktari alieleza. "Ao tunakamata nyama ya tumbo, tunatengeneza nayo titi. Ao unabakia vile uko. Ni weye utachagula, mama."

"Ya tumbo ndiyo muzuri," mume wa Mulenga, aliyeketi kando yake, akadakia. "Iko nyama yake mwenyewe."

Mulenga alimtazama. Tangu Mulenga arudi nyumbani baada ya upasuaji, mwanamume huyu alikuwa akigeukia ukutani kila mkewe alipobadilisha nguo.

"Weye ulisha kuona kovu yangu?"

Mume akatazama sakafu.

Mulenga akafungua blauzi, kifungo kimoja kimoja, bila kuinamisha macho. Kovu lilikuwa jembamba, limenyooka hadi kwapani, liking'aa kama ngozi ya mtoto mchanga. Mume wake akanyoosha kidole, akalifuata mpaka mwisho.

"Inaluma?"

"Hapana. Ilipona."

Mume hakuuondoa mkono. Mulenga, kifua wazi, akamgeukia daktari.

"Docta, mimi nabakia vile niko."