Sauti ya Mama Dukani

Sheria ilimpa marehemu haki ya kujichagulia jeneza, kwa hiyo Aikande alipofika dukani, mashine ilizungumza naye kwa sauti ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka lile la mninga."

Mama yake alikuwa akimwita Kande, hakuwahi kumwita mwanangu. Na kabla hajafa aliomba azikwe kwenye jeneza la paina, bila makuu.

"Nipe la paina," Aikande alimwambia muuzaji.

"Una haki ya kukataa alichochagua," muuzaji alijibu kwa upole. "Ila ukikataa, sauti yake tunaifuta leo. Ukikubali, unaenda nayo nyumbani."

Aikande aliisogelea tena mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasaini la mninga.