Tundu la Mwisho la Mkanda

"Vinambana," alisema binti mtunza farasi, akiwa amechuchumaa penye mguu wa mbele wa farasi jike.

Tajiri alikuwa amevinunua mwenyewe vile vikinga vya miguu, vyekundu, vifanane na tandiko. "Vitalegea. Ngozi hiyo, si chuma."

"Hata mwaka ule ulisema vitalegea."

Mwaka ule farasi mwingine, aliyevaa vikinga hivihivi, alirudi kutoka mazoezini mshipa wa mguu umevimba. Aliyefukuzwa ni baba yake binti, kwa kosa la kukaza mno. Vikinga vyenyewe hakuna aliyevipima. Wenye mali husahau upesi. Aliyefukuzwa hana ruhusa hiyo.

"Chomeka kidole hapa, tajiri, kati ya ngozi na mguu. Kinatakiwa kipite."

"Unanifundisha kazi, binti?"

"Sithubutu! Nakuomba kidole kimoja tu, tena nitakurudishia."

Kijana aliyekuwa akimpiga brashi farasi wa banda la pili alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Tajiri alichuchumaa, magoti yakalia. Alijaribu kwa juu, akajaribu kwa chini. Alipoleta kile kidole kidogo, ukucha ulikwama kwenye ukingo wa ngozi, na farasi akanyanyua mguu.

"Basi legeza mkanda."

"Uko tundu la mwisho. Baba naye aliukuta hapohapo."

Tajiri alikitazama kidole chake kwa muda.

"Mzee wako," alisema, bado amechuchumaa, "siku hizi anakaa wapi?"

"Subiri," alisema binti. "Kwanza nimfungue huyu."